Swali la Daktari Nililolimeza

Ilianza Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa 1987. Saa naijua kwa sababu daktari alikuwa na mazoea ya kutazama saa yake ya mkononi kila mgonjwa anapoingia, kisha anaiandika kwenye buku. Buku lile nimeliona tena baadaye kwa macho yangu. Saa tatu na robo, mwanamke, miaka hamsini hivi, tumbo. Mwandiko ni wake, lakini hilo neno "tumbo" ni langu mimi.

Nilikuwa nimefunga shule, kidato cha tatu. Mimi ni mtu wa haya, wala si zile haya ambazo wazee humsifu nazo msichana. Zangu ni za kukera. Darasani mwalimu akiuliza swali nalijua jibu, naliandika pembeni mwa daftari, mwenzangu wa dawati analisoma kwa sauti, anasifiwa yeye. Nyumbani wageni wakija naitia shikamoo yangu kifuani, nusu inatoka nusu inabaki, halafu nakimbilia jikoni. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa akinicheka.

"Wewe utaolewa na ukuta," alisema. "Na huo ukuta nao utakuomba talaka, kwa kuchoka kunyamaziwa."

Shangazi ndiye aliyenipeleka zahanati. Alikuwa akifanya kazi hapo ya kudeki na kuchemsha vyombo. Zahanati yenyewe ni vyumba viwili tu, juu kidogo ya barabara ya Malindi, kabla hujafika Matsangoni. Muuguzi aliyekuwa akifasiri alikwenda likizo ya kujifungua, na daktari alikuwa mtu wa bara, mpole, lakini Kiswahili chake kilikwenda mbio na Kigiriama hakukijua hata salamu. Akina mama wanaotoka ndani, mashambani, wakimtazama kama redio iliyokosa stesheni. Shangazi hakusoma, na daktari alitaka mtu wa kufasiri na kuandika majina. Basi shangazi akasema, "Ninaye mmoja. Anajua kusoma sana. Kusema ndiyo sijui."

Siku ya kwanza aliingia mzee mmoja na mkongojo wake, akamnyooshea daktari kidole, akasema maneno mengi kwa hasira. Mimi nikageuka nikamwambia daktari, "Anasema dawa hazijamsaidia sana."

Daktari akaweka kalamu chini. "Huyu ameongea dakika mbili, wewe umenipa maneno manne. Hayo mengine umeyaweka wapi?"

Nikatazama viatu vyangu. "Anasema, mwambie huyu mtoto zile dawa zake za juzi zilikuwa chaki. Anasema labda wewe ni mwalimu uliyepotea njia."

Daktari alicheka hata akavua miwani. "Mwambie chaki za leo ni za rangi."

Nikamwambia mzee. Akacheka naye, akakohoa, na baada ya kukohoa ndipo alipoonyesha mahali hasa panapomuuma. Kumbe juzi hakuonyesha.

Tangu siku hiyo daktari alinifundisha kidogo kidogo, katikati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Nisimame wanaponiona wote wawili, nisijifiche nyuma ya mlango. Mgonjwa akisema "naumwa" na mimi niseme "naumwa", nisiseme "anadai anaumwa", maana hapo nimeshamfanya mwongo. Nisipoelewa niulize tena bila kuogopa kuonekana mjinga. Na zaidi ya yote nisiyasafishe maneno. "Usinifulie," alikuwa akisema. "Niletee yakiwa machafu hivyo hivyo."

Wiki ya pili ilipokwisha nilikuwa nasema. Kweli nilikuwa nasema! Nilimwambia daktari kwamba mama fulani anasema daktari huyu mkono wake wa sindano ni kama jembe. Mama yangu mzazi alinishangaa nyumbani, akasema, "Siku hizi una sauti." Nami nilijiona. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nikiliacha nitaonekana nilikosea kwa kutojua.

Nilikuwa nishajua. Ndipo Jumanne ile akaingia mama mkwe wa kaka yangu.

Kaka alioa mwezi wa nne mwaka huo huo. Kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa kwa heshima. Kaka hali mbele ya mama mkwe wake, na wakikutana njiani yeye hushuka kando, vichakani, mpaka mama apite. Mimi ni dada mtu tu, lakini ile heshima ilinifika na mimi. Mbele ya mama yule nilisema kwa kuinamisha kichwa, nikimwita mayo, kama ninavyomwita mama yangu.

Na nilimpenda. Siku ya harusi wanawake walinivuta nikaimbe, nami nikaganda, machozi yakaanza kunitoka. Yeye ndiye aliyewatawanya. "Mwacheni mwanangu," alisema. "Hata mimi nilikuwa hivi hivi. Na bado niko." Akanikalisha karibu yake, hatukusemezana tena mpaka ngoma ikaisha. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo zuri kuliko lile.

Aliingia amevaa leso mbili kama kawaida, moja kiunoni na moja mabegani. Mkononi alikuwa na ya tatu, imekunjwa ndogo. Aliitandika kwenye benchi kabla ya kukaa. Aliponiona akashtuka. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za nyumbani, za mama, za baba, za mbuzi. Daktari akangoja. Alikuwa amekwisha jifunza kungoja salamu.

Kisha akauliza maswali yake, nami nikayapitisha. Tumbo la chini. Mgongo. Kuchoka. Halafu akasema, bila kuinua macho kwenye buku, "Muulize kama damu yake ya mwezi imeshakwisha. Na kama imekwisha, iko siku inarudi?"

Nikafungua mdomo.

Nilisimama mbele ya mama mkwe wa kaka yangu, mwanamke ambaye hata neno "tumbo" nililisema nikitazama sakafu. Nikamwuliza kwa Kigiriama, "Daktari auliza, tumbo linauma hata ukilala?"

"Linauma, mwanangu," alisema. "Na…" Akashika pindo la leso yake ya mabegani, akalikunja, akalikunjua.

"Na nini, mayo?"

"Hapana. Basi. Mwambie tumbo."

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Anasema hapana. Ni tumbo tu."

Akaandika. Mama akapewa vidonge, akainuka, na leso ile ya benchi akaikwapua haraka, akaifinyanga mkononi. Lakini nilikuwa nimekwisha ona. Niliona doa la damu kwenye ile leso. Toka benchi mpaka mlangoni ni hatua kama sita, naye alitembea polepole, na hatua zote sita ningeweza kusema neno. Nikamwita mgonjwa aliyefuata.

"Yule unamjua?" daktari akaniuliza.

"Ni mkwe wa kaka yangu."

"Ah, jamaa! Vizuri," akasema. Alidhani kwa kuwa ni jamaa amesema kila kitu.

Wiki tatu zikapita. Sikumwambia daktari, sikumwambia shangazi, sikumwambia mama. Kila nikimwona wifi yangu, mke wa kaka, namwuliza, "Mayo hajambo?" naye anasema, "Hajambo, dawa zimemsaidia kidogo." Nafurahi siku nzima. Nilitaka sana iwe kweli, nikaishika vile vile alivyonipa bila kuigeuza.

Alhamisi moja nilikuwa nimesimama mlangoni mwa zahanati nikamwona kaka anakuja akisukuma baiskeli. Nyuma, kwenye keria, alikuwa mama mkwe wake, ameegemea upande, na wifi anamshika kwa mikono miwili asianguke. Alikuwa ameanguka bombani akiteka maji. Kaka yangu, ambaye humpisha vichakani, alimsukuma mwendo wote ule bila kugeuka nyuma hata mara moja. Shingo yake ilikuwa imekakamaa. Alipofika alishika tu ile baiskeli, anatazama barabara, mpaka tulipomshusha mama.

Alilazwa kitandani ndani. Daktari akaniita. "Muulize upesi, damu hii ina muda gani?"

Maana safari hii kila mtu aliiona.

Nikafungua mdomo tena. Nikatazama sakafu. Shangazi aliyekuwa akideki alinitazama, akamtazama mama, akalitupa tambara lake ndooni. Akaingia, akavuta pazia. Nilisikia kitanda kikilia, yaani ameketi pale pale kitandani. Nikasikia sauti yake, ya chini, kama watu wawili wanaoazimana chumvi. Hakukaa sana akatoka.

"Miezi saba," alisema. "Amemaliza leso tisa."

Daktari hakuniambia kitu mpaka gari la kumpeleka hospitali ya Kilifi lilipopatikana na likaondoka naye. Ndipo alipofungua buku, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaweka kidole pale. Saa tatu na robo.

"Hapa ulisema hapana. Yeye alisema hapana?"

"Sikumwuliza."

Nilingoja anifokee. Angenifokea ningepumua. Alikaa tu na kidole chake pale kwenye neno "tumbo".

"Uliona haya?"

"Ni mkwe wetu."

"Sawa," akasema. "Mimi pia nina mambo siwezi kumwuliza mama ya mke wangu. Lakini kwa nini hukuniambia? 'Daktari, huyu mimi siwezi.' Hiyo tu. Ningemwita huyu wa kudeki."

Shangazi alikuwa mlangoni na ndoo yake. Mara ya kwanza maishani mwake hakunitania.

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Kwa wiki mbili nzima nilijifunza kusema maneno ya watu, matusi yao, mizaha yao, maumivu yao, nayasema bila kuyakwaza. Langu mwenyewe, la maneno mawili, "mimi siwezi", sikulijaribu hata kimoyomoyo.

Kilifi walimtia damu. Alikaa siku kumi na moja, akarudishwa nyumbani. Ugonjwa ulikuwa kwenye kizazi, nao ulikuwa umeenea. Walimwandikia daktari wetu barua, naye akanisomea kwa sababu nilimwomba. Hakukuwa na cha kukata tena.

"Zile wiki tatu," nikamwuliza. "Kama ningesema siku ile?"

Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Sijui. Miezi saba ni mingi. Huenda ingekuwa hivi hivi. Huenda damu ingekuwa haijamwishia, wangepata nafasi. Nikikuambia najua nitakuwa nakufulia maneno."

Jumamosi yake nilikuwa kwa Hawe, bibi yangu mzaa baba, tunapukuchua mahindi. Hawe bado huvaa hando, ile sketi ya marinda mengi ya wanawake wa zamani wa kwetu, na akikaa chini huenea kama kuku anayeatamia. Na bibi hapana haya, bibi ni wa kutaniwa. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku vidole vyake havisimami.

"Ulikaa wapi?" akaniuliza.

"Sikukaa. Nilisimama mbele yake."

"Mbele!" Akaacha gunzi. "Mtu mzima unamsimamia mbele kama askari wa kodi, halafu umwulize mambo ya mwilini mwake? Hata mimi ningesema tumbo."

"Daktari ndiye aliyesema nisimame wanaponiona wote."

"Daktari ni mwanamume, na kwao kuna baridi." Akanivuta kwa mkono, akanikalisha ubavuni pake, bega kwa bega, akanirushia hindi mapajani. "Hivi. Mtu humwulizi usoni. Unakaa naye upande, mikono yenu ina kazi, macho yenu yako kwenye kazi. Na huanzii kwenye damu. Unaanzia kwenye leso. Unamwuliza, mayo, siku hizi unafua mara ngapi? Yeye atakujibu habari za leso. Atakuambia kila siku nafua, nimechoka, sabuni yaisha. Wewe umeshapata ulichokuwa ukitaka, naye hakuvuliwa nguo."

Nilicheka, kwa sababu lilikuwa jambo rahisi hivyo. Halafu nikalia, na nikashindwa kunyamaza.

"Usilie juu ya mahindi," Hawe alisema, "yataota ukungu." Lakini mkono wake ulikuwa mgongoni mwangu. Baadaye akasema niende nikamwone.

"Nikamwambie nini?"

"Kwanza kaa."

Tulikwenda Jumapili, mimi na mama yangu. Ilikuwa imebaki siku mbili shule zifunguliwe. Mama mkwe alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, kivulini nyuma ya nyumba, amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki makubwa. Mama yangu akaenda jikoni kumsaidia wifi. Nilikuwa nimechukua kunde kwenye ungo, bado ziko kwenye maganda. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, ubavuni pake, nikaweka ungo katikati yetu. Naye akanyoosha mkono, akachukua ganda moja, akalipasua. Tukafanya hivyo muda mrefu. Kuku walikuja, tukawafukuza, wakarudi.

"Mayo," nikasema nikitazama kunde, "siku hizi leso zafuliwa mara ngapi?"

Akapasua ganda lingine. Kisha nikasikia anacheka, kicheko cha pumzi tupu. "Nani aliyekufunza hivyo? Hawe yako."

"Ndiye."

"Zafuliwa sana, mwanangu. Wifi yako mikono imembabuka."

Nikapasua maganda mawili zaidi. "Siku ile zahanati, daktari alikuuliza jambo. Mimi sikukufikishia. Nikamwambia umesema hapana."

"Najua."

Nikamgeukia, nikasahau yote niliyofunzwa na Hawe.

"Kiswahili cha yule bwana sikijui chote," alisema, "lakini damu ni damu. Nililisikia lile neno. Nikakuona umelichukua ukaliweka kando. Nikashukuru, mwanangu. Nikasema moyoni, mtoto huyu amenistiri."

Ningependa zaidi kama angenipiga kofi. Alinishukuru! Alikwenda nyumbani siku ile na vidonge vyake na leso yake mkononi akinishukuru mimi. Nikasema nisamehe mayo, nisamehe, sijui mara ngapi. Aliushika mkono wangu uliokuwa na kunde akautikisa kidogo, kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Sasa na mimi nakuuliza," alisema. "Hawa wote wananiambia nitapona. Mwanangu ananiambia nitapona, mkwe wangu anatuma watu waje waniambie nitapona. Wewe ulikuwa huko kwa daktari. Nitapona?"

Nilisikia sufuria jikoni. Nilimsikia wifi anacheka na mama yangu. Nilitamani shangazi aje, au mvua, au mtu yeyote apige hodi. Nikakumbuka ninaweza kusema "mimi siwezi". Sasa nililijua lile neno, na ningelisema asingenilaumu. Lakini yeye hakuwa na mwingine wa kumwuliza.

"Daktari alisema hapana, mayo," nikamwambia. "Alisema ugonjwa umeenea. Alisema hakuna cha kukata."

Nililitoa hivyo hivyo, bila kulifua.

Hakulia. Alilaza kichwa, akatazama majani ya mkorosho juu yetu, akapumua mara kadhaa. "Haya," akasema. "Basi niitie wanangu, mmoja mmoja. Nina maneno nao, na nilikuwa nayaweka nikisema nikipona."

Wifi alimwendea wa kwanza kwa sababu alikuwa karibu. Alipomaliza alinijia moja kwa moja uani, mikono ina unga.

"Umemwambia mama yangu atakufa?"

"Aliniuliza."

"Akikuuliza ndiyo umwambie? Nani alikutuma? Bubu mwaka mzima, ukapate mdomo leo, kwa mama yangu?"

Mama yangu akasema, "Jamani, jamani," akanivuta tukaondoka. Wifi alibaki pale akilia amesimama. Njia nzima mama hakunisema wala hakunitetea. Tulipofika barabarani akanifunga leso yangu vizuri mabegani, akasema tu, "Umekuwa mkubwa vibaya."

Sikujua kama nimefanya jema au ubaya wa pili. Hata sasa, nikiandika haya bwenini, sijui kwa hakika. Ninachojua ni kwamba jioni ile kaka alipita kwetu, akasema mama mkwe wake alikuwa amezungumza na watoto wake wote mpaka jua likazama, na kwamba wifi hataki kuniona.

Asubuhi iliyofuata nilitoka kabla ya chai, nikaenda mpaka bombani kwao. Wifi alikuwepo ameinama kwenye karai, na rundo la leso kando yake. Aliniona, akageuza uso. Sikusimama mbele yake. Nilizunguka, nikachutama upande wake, nikachukua leso ya juu kwenye rundo, nikaitia kwenye maji. Hakusema niiache. Tulifua moja, tukafua ya pili, maji yakabadilika rangi tukayamwaga. Tulipokuwa tukiikamua ya tatu, yeye ameshika ncha yake na mimi yangu, nikaanza kumweleza habari ya Jumanne ile, saa tatu na robo, na swali la daktari.